Ile karatasi ya asubui, tuione na sisi

Ndugu wasomaji, watumikaji wa migodi ya Lualaba na Haut-Katanga, wamama wa ku nyumba, na ninyi watoto munaosomea wazazi hii ukurasa kwa sauti: leo hatutasema juu ya kofia, buti wala basi. Tutasema juu ya karatasi moja. Wengi wenu hamujaiona hata siku moja, lakini yenyewe iko na neno mu mshahara wenu.

Kila asubui, mbele basi ya zamu ya kwanza ifike ku mlango wa kampuni, ile karatasi imekwisha kuingia mu telefone za wakubwa. Ni ukurasa moja, pengine mbili. Juu kabisa kuna bei ya shaba jana jioni ku London, ku lile soko la metali wanaloita LME. Kisha bei ya kobalti. Kisha tani ngapi za shaba zinalala mu depo za soko, dola imesimama wapi mbele ya yuani ya China, petroli inauzwa ngapi, benki kuu ya Marekani imepandisha riba ao imeishusha, viwanda vya China vimeamka ao vimelala. Chini kuna mistari mitatu, mine, ya kuambia wakubwa: juma hii muangalie hapa, muogope pale. Kwa Kifaransa wanaiita «note de conjoncture». Sisi tutaiita karatasi ya asubui.

Si zamani sana, hii karatasi ilikuwa na mwenyewe. Alikuwa kijana wa biro, mara nyingi mtoto wa kambi. Baba alitumika Gécamines, yeye akasoma uchumi ku Universite ya Lubumbashi. Alifika biro giza haijaisha, akafungua magazeti ya Ulaya na ya China, akaandika namba moja moja, akapiga hesabu, akaweka mawazo yake chini. Namba ikiwa ya ajabu, alijikuna kichwa na kupigia mwenzake telefone. Na delege wa sendika akikutana naye ku kantini, aliweza kumuuliza: «Ndugu, hii shaba inaenda wapi?», akapata jibu la mtu.

Sasa ile kazi inafanywa na programu. Tuliomba wenye kuijua watueleze, juu hatupendi kusemea kitu tusichoelewa. Saa kumi ya usiku programu inaamka yenyewe. Inaenda kuchota namba ku milango iliyoonyeshwa, inazipanga mu tablo, inazilinganisha na za jana na za mwaka uliopita. Kisha inapeleka yote kwa mashini ya akili ya bandia, ile inayotunga maneno, na kuiambia: andika ukurasa moja kwa wakubwa wa kampuni ya migodi, maneno mafupi, sauti ya heshima. Saa kumi na mbili haijagonga, karatasi imetumwa. Hakuna mtu aliyeisoma mbele ya wale watakaoiamini. Ni bei rahisi, haigonjwi, haiombi konje.

Hatukuja kulaani mashini. Wako wandugu mu sendika wanaosema ni kitu cha shetani, wengine wanasema tuachie wenye biro mambo ya biro. Wote wawili wanakosea njia. Lori kubwa la karieri nalo ni mashini, na tunaliendesha. Kitu tunachouliza ni kingine: hii karatasi inatumika kwa nani, na inaingia wapi?

Inaingia ku meza ya mazungumzo. Tutawaelezea namna gani.

Mwanzo wa mwezi wa munane 2025, mu mazungumzo ya mishahara ku kampuni moja ya hapa kwetu (jina tunaliacha, hatutafuti kesi), wakubwa waliweka karatasi ya asubui mbele ya delege wetu. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona. Mstari wa kwanza, kwa herufi nene, ulisema shaba imeanguka zaidi ya 20% kwa siku moja. Mkubwa wa watumikaji akatikisa kichwa na kusema kwa sauti ya huzuni: «Munaona ninyi wenyewe. Hii si wakati wa kuomba.» Pale pakakuwa kimya sawa vile ku matanga. Asilimia 20! Mtu mwenye kukumbuka mwaka wa 2008 anajua ile namba inamaanisha nini: sutkezi ku mlango.

Delege mmoja, mwendesha kreni, akatoa telefone yake chini ya meza. Akatafuta bei ya London. Shaba ilikuwa karibu dola 9 600 kwa tani. Siku ya mbele yake? Karibu pale pale. Akasogeza telefone katikati ya meza, bila kusema.

Ile 20% haikuwa uongo, na hapa tuelewane vizuri. Namba ilikuwa ya kweli, lakini ya New York. Rais wa Marekani alikuwa ametangaza kodi ya 50% juu ya shaba inayoingia kwake. Wauzaji wa kule wakakimbilia kununua mbele kodi ianze, na bei ya New York ikapanda kupita ile ya London kwa zaidi ya dola 2 000 kwa tani. Tarehe 30 mwezi wa saba, rais akabadilisha: kodi itapiga vitu vilivyokwisha kutengenezwa kwa shaba, mabomba na nyaya, haitapiga zile bamba za shaba safi ambazo sisi tunaziita katodi. Basi bei ya New York ikaporomoka, ikarudi ku London pale ilipokuwa mbele wazimu uanze. Na mikataba mingi ya shaba ya Kongo inafuata bei ya London. Kwa kampuni yetu, kwa karieri yetu, kwa kilo moja ya bamba letu, ile siku karibu hakuna kitu kilichotokea.

Programu ilichota namba ku mlango mbaya, ao ilichota milango yote miwili na ikaweka juu ile yenye kelele. Mtu mwenye kujua kazi angeandika mbele: angalia, hii ni mambo ya Marekani, haitugusi. Mashini iliandika kwa utulivu kwamba hali ya shaba imekuwa ngumu. Delege wetu wakauliza: nani ameandika hii? Wakubwa wakaangaliana. Mmoja akajibu: «C'est automatique.»

Lile jibu njo limetufanya tuandike hii makala. Otomatiki haina jina. Haina kiti ku meza, haina macho ya kuangalia, huwezi kuiuliza swali mbele ya delege. Mkubwa anasema si mimi, ni karatasi. Karatasi haiwezi kusema kitu. Mtumikaji anarudi ku nyumba na jibu ambalo halikutoka mu kinywa cha mtu yeyote.

Mitego mingine iko mingi, na ni vizuri kila delege aijue. New York wanahesabu shaba kwa paundi, London kwa tani, na tani moja ni paundi zaidi ya 2 204: ukichanganya hizo mbili, unapata bei ya mazingaombwe. Siku ya posho na ya yenga London inafunga, lakini programu inaamka vilevile na inaweza kukuletea bei ya siku ya tano sawa vile ni ya leo. Kobalti ndiyo mbaya zaidi. Bei inayopigiwa kelele duniani ni ya kobalti safi, ya metali; lakini ile inayotoka hapa kwetu mu magunia ni haidroksaidi, na ina bei yake ingine. Karatasi inayosema «kobalti» bila kusema kobalti gani, ni kama mtu wa soko anayesema «nyama» bila kusema nyama gani.

Wakubwa watatuambia: sendika inakataa kusikia kama bei inaanguka. Hapana. Kama kuna watu duniani wasiohitaji mashini ya kuwaambia bei inaanguka, ni sisi. Mwaka wa 2008 shaba ilikuwa karibu dola 9 000 mu mwezi wa saba. Mu mwezi wa kumi na mbili ilikuwa chini ya 3 000. Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, tuliona milango ikifungwa na wenye kampuni wakienda bila kuaga. Mwaka wa 2015 KCC ilisimamisha uzalishaji. Mwaka wa 2019 Mutanda ilifungwa kwa sababu bei ya kobalti ilikuwa imeanguka. Ilirudi kazini 2021. Wazee wetu wa Gécamines wameona kupita sisi: Kamoto iliporomoka 1990, kisha miaka bila mshahara, kisha mu 2003 na 2004 zaidi ya watu 10 000 wakatolewa mu ile operesheni iliyoitwa ya kuondoka kwa kupenda. Kwa kupenda! Wazee wakitamka hayo maneno wanacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Nao walionyeshwa karatasi, zilizoandikwa na wataalamu wa mbali, zikisema uchumi wa dunia unadai hivi.

Basi tunajua. Shida yetu ni ingine. Karatasi ya asubui inatoka kila asubui, lakini sisi tunaonyeshwa paka siku mbaya.

Mwezi wa tano 2024 shaba ilipita dola 11 000 ku London, kitu ambacho hakijaonekana tangu soko lianzishwe mu 1877. Ile asubui karatasi ilitoka, saa ile ile, na bila shaka herufi zilikuwa nene vilevile. Ni nani aliyeshuka nayo ku mlango wa kuingilia? Ni delege gani aliyeitwa ku biro aambiwe «Wandugu, njooni muone, dunia imetufungulia mkono»? Mwezi wa kumi 2025 shaba ilipita tena 11 000. Kimya. Programu haichagui siku. Inatumika siku nzuri na siku mbaya kwa moyo ule ule, ao tuseme bila moyo ule ule. Wanaochagua ni watu.

Ku kobalti tumecheka mpaka machozi. Mwanzo wa 2025 bei ilikuwa chini sana, na tuliambiwa: bei iko chini, hakuna feza. Tarehe 22 mwezi wa pili serikali ikasimamisha kobalti kutoka nje ya inchi, ili bei ipande. Tukaambiwa: hatusafirishi, hakuna feza. Mwezi wa kumi serikali ikafungua tena kwa kipimo, tani 18 125 mpaka mwisho wa mwaka, kisha 96 600 kwa mwaka mu 2026 na 2027. Bei ikazidi mara mbili, na tukaambiwa: kipimo ni kidogo, hakuna feza. Njia tatu tofauti, na zote zinafika ku mlango mmoja.

Serikali yenyewe ilijifunza mbele yetu. Kodi ya migodi ya 2018 inasema hivi: bei ikipita kwa 25% ile iliyoandikwa mu etude ya mradi, faida ile ya ziada inalipiwa kodi ya 50%. Iwe inalipwa vizuri ao vibaya, ile ni makala ingine. Lakini wazo liko wazi: bei ya dunia ikipanda sana, mwenye inchi naye aone. Mtumikaji hana mstari kama ule. Kwake bei ya London ina mguu moja, wa kushuka.

Na si ndoto. Ku Chile, ku Escondida, mgodi wa shaba unaozalisha kupita yote duniani, watumikaji waligoma mwezi wa munane 2024. Mgomo ulidumu siku chache. Walirudi kazini na bonasi ya karibu dola 32 000 kwa kila mtu. Tunajua Chile si Kolwezi, na tunajua ile sendika ina nguvu ambayo sisi bado. Lakini muangalie walifanya nini: walikuja ku meza wakijua shaba inauzwa ngapi na faida ni ngapi, na wakaomba sehemu ya faida kwa namba. Hawakungojea mtu awaonyeshe karatasi.

Sasa tuseme juu ya vitu ambavyo karatasi ya asubui haina macho ya kuviona, juu hapa njo moyo wetu unauma.

Ile juma ambapo New York iliporomoka, tarehe 31 mwezi wa saba 2025, mwamba ulianguka ku El Teniente, ku Chile, na wachimbaji sita wakafa. Tarehe 8 mwezi wa kenda, matope yaliingia mu mgodi wa Grasberg, Indonesia, na wachimbaji saba wakafa. Grasberg ilisimama, dunia ikaogopa kukosa shaba, na bei ikapanda. Fungueni karatasi za zile siku kama mutapewa: mutakuta maneno kama «upungufu wa uzalishaji» na «bei inapata nguvu». Ni kweli kwa upande wa bei. Programu imeagizwa kutafuta tani zilizopotea, haikuagizwa kutafuta watu. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja, hapa kwetu mu Lualaba, ku Kalando upande wa Mulondo, daraja lilianguka na wachimbaji wa mkono zaidi ya 30 wakafa. Kwa ile mashini, Kalando ni nini? Hakuna tani za LME zilizopotea. Hakuna mstari.

Mtu atasema: karatasi ya uchumi si karatasi ya matanga. Sawa. Tubaki basi ku uchumi.

Bukari ni uchumi. Bunga wa mahindi tunaokula Lubumbashi, Likasi na Kolwezi sehemu kubwa unatoka Zambia. Mwanzo wa 2024 ukame ulipiga Zambia, rais wao akatangaza msiba wa inchi nzima, na mahindi yakawa shida kuvuka. Kila mama anakumbuka gunia la kilo 25 lilivyokimbia. Mwezi wa munane wa mwaka ule ule Zambia ikafunga mpaka wa Kasumbalesa siku chache, juu ya ugomvi wa pombe na vinywaji. Mu karatasi ya asubui Kasumbalesa ni jina la foleni: malori ya shaba yamesimama, siku ngapi za kuchelewa, gharama ngapi. Lile lori la bunga lililosimama upande wa pili, uso kwa uso na lori la shaba, haliko mu programu.

Na dola. Wengi wetu mshahara unahesabiwa mu dola, na miaka mingi tulizoea faranga kushuka, tukaona dola ni mwavuli. Kuelekea mwezi wa kumi 2025 mwavuli ukageuka: dola ikatoka karibu faranga 2 800 ikaenda chini ya 2 500 kwa muda mfupi. Serikali ikapiga makofi, na pengine ilikuwa na haki. Lakini mtumikaji alipeleka ile ile dola kwa kambisti, akapata faranga kidogo, akaenda soko, akakuta bei ya samaki na mafuta haikusikia habari yoyote. Mshahara ulipungua bila mtu kugusa mkataba. Tulipolisema, wakubwa walitujibu kwamba karatasi yao inaonyesha «faranga imara, ishara nzuri». Ishara nzuri kwa nani? Mashini iliandika kwa yule aliyeiagiza. Ukiiagiza kwa macho ya mwenye kampuni, itaona sawa mwenye kampuni. Ukiiagiza kwa macho ya mama mwenye watoto sita ku kambi, itaona kingine, na namba zinaweza kuwa zile zile.

Kwa hiyo tunaomba nini? Hatuombi programu izimwe.

Tunaomba, mu mkataba wa pamoja unaokuja, kuwe na mstari huu: kila karatasi ya uchumi inayotumiwa ku meza ya mazungumzo, delege awe amepewa ile ile, siku ile ile inapotoka, na si asubui ya mazungumzo peke yake. Siku zote, nzuri na mbaya. Kodi ya kazi ya 2002 inadai patron anayetaka kupunguza watu kwa sababu za kampuni aandikie delege mbele, wapate kutoa mawazo. Basi barua ikitaja uchumi wa dunia, karatasi za miezi 12 iliyopita zifungwe nyuma yake, zote, tuone mstari unaopanda na unaoshuka. Na kama bei ya London ni sababu ya kukataa, iwe pia sababu ya kutoa: tukubaliane kiwango, na bei ya katikati ya miezi mitatu ikikipita, bonasi itoke yenyewe. Otomatiki, ndiyo. Neno wanalipenda.

Tunaomba tena kila karatasi iwe na jina la mtu chini. Kijana wa uchumi, yule aliyerudishwa ku nyumba kwa sababu mashini inaamka mbele yake, arudi. Asirudi kuandika namba kwa mkono, hapana, mashini inaandika mbio. Arudi kuisoma mbele haijatumwa, kuuliza hii 20% ni ya wapi, kuandika «hii ni New York, haitugusi», na kutia sahihi. Tumelipa masomo ya hawa watoto kwa mgongo. Minerval ya Universite ilitoka mu masaa ya ziada ya usiku. Mtu asituambie mtoto wetu amesoma miaka mitano ili ashindwe na kitu ambacho hakijui kutofautisha Chicago na Kasumbalesa.

Kuna jibu wanalotupa kila mara: ni siri ya kampuni. Tunaelewa siri. Majina ya wanunuzi, mikataba, mipango ya mwaka kesho, muibakize. Lakini bei ya shaba ya London si siri, kila mtu mwenye megabaiti anaweza kuiona, hata kama imechelewa kidogo. Riba ya Marekani inatangazwa ku televizyo. Hesabu za viwanda vya China zinatoka mwisho wa mwezi mbele ya dunia nzima. Makadirio ya Shirika la Fedha la Kimataifa yanatoka mwezi wa ine na mwezi wa kumi, bule. Kitu kilicho siri mu hii karatasi ni nini? Pengine ni kwamba inatoka kila siku.

Na wenzetu wa sous-traitance wasikie vizuri, juu wao wanapigwa mbele. Kampuni kubwa inapata karatasi mbaya asubui. Saa sita patron mdogo anapata telefone. Jioni watu ishirini wanaambiwa wasirudi kesho. Hawana delege ku meza kubwa, na hawataona karatasi hata ile ya siku mbaya. Mkataba ukiandikwa bila wao, utakuwa umeandikwa nusu.

Jambo la mwisho, la kwetu wenyewe. Hatutangojea sahihi ya wakubwa ili tuanze. Ile programu inayoandika kwa Kifaransa inaandika na kwa Kiswahili ukiiomba. Kitakuwa Kiswahili cha Dar es Salaam, lakini tutavumilia. Wako watoto wetu wanaojua kuipanga. Wamekwisha kutuonyesha: kila siku ya kwanza ya juma inatuma namba ku telefone ya delege, na delege anaziangalia mbele ya kuzisemea, moja moja, ku London na ku soko la hapa. Programu haiwezi kwenda kwa kambisti wala kuuliza bei ya gunia ku soko la Kolwezi. Ile kazi tumeachia wamama, na wamekubali.

Basi kuanzia juma ijayo, pale munapongojea basi, mutakuta ubao mweusi na namba tatu: shaba ku London kwa tani, dola moja kwa kambisti, gunia la bunga la kilo 25. Chini ya namba kutakuwa jina la delege aliyeziandika. Atakayeona namba ya uongo aifute, aandike ya kweli, na aweke jina lake. Chaki tumekwisha kununua.